Sababu Niliyoiandika Chini ya Picha ya Dafroza

Ujumbe wa Hamidu ulinifikia mwezi uliopita, asubuhi, nikiwa kazini Masoro, kwenye eneo la viwanda la Kigali, nakagua vibandiko vya maboksi ya mafuta ya kupikia. Hamidu ni fundi cherehani, na huandika kama anavyokata kitambaa, bila kuacha ncha. "Dafroza ameondoka jana, kule Busanza. Mazishi ni kesho. Sasa ile picha yake ya kukimbia tunaweza kuirudisha. Maelezo uliyoandika zamani bado yapo, ni kunakili tu." Niliusoma ujumbe huo mara tatu, nikaiweka simu kifudifudi juu ya meza. Mtu akifa, waliomjua hukumbuka jambo ambalo wangependa kulisahihisha. Mimi nilikuwa na shida ya kinyume chake. Maelezo yale niliyaandika miaka saba iliyopita, yakiwa uongo mtupu, na sasa yalikuwa kweli bila kubadilishwa hata nukta.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo na nimepanga chumba kimoja Kagarama, nyuma ya nyumba ya mwenye mji, chumba chenye dirisha lililotazama ukuta. Nilikuwa na tabia iliyowachosha wote waliokaa nami, ya kuuliza kila kitu kimetoka wapi na nani amesema. Padri akihubiri, ningeuliza. Bosi akitoa utaratibu mpya wa kubandika vibandiko, ningeuliza. Nadhani ndiyo sababu nilijikuta kwa Hamidu. Kila Jumamosi alasiri, baada ya kufunga hesabu za wateja, duka lake lilikuwa mahali pa mkutano wetu sisi wachache tuliokuwa tukiandika makala za Kiswahili kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, bila malipo, kwa sababu tu tulikuwa tumekulia Tanzania au Uganda na hatukutaka lugha ile itutoke. Hamidu hakukulia huko. Yeye ni wa hapahapa Kigali, Mwislamu, babu yake alikuja kutoka pwani na marobota ya kaniki, na Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya nyumbani siku zote. Tulikaa kati ya sare za shule zilizoning'inia kwenye waya, kompyuta mbili zikiwa juu ya meza ya kukatia, vumbi la chaki likiingia kwenye vibonye. Mke wake alituletea chai ya maziwa yenye tangawizi ndani ya chupa kubwa, na sambusa zilizofungwa kwa karatasi za mtihani za shule fulani, hivyo ulikuwa ukila huku ukisoma mtoto wa watu alivyokosa swali la nne.

Hamidu ndiye aliyekuwa mkaguzi wa picha, na hakuna aliyempa cheo hicho ila ukali wake mwenyewe. Sheria ya kamusi ile ilikuwa hivi: picha yenye mwenyewe, yaani iliyo na hakimiliki, hairuhusiwi, isipokuwa umeandika chini yake sababu za kuitumia. Kulikuwa na fomu. Picha ni ya nani? Makala inaihitaji kwa nini? Na swali la mwisho, ambalo Hamidu alilipenda kuliko yote: je, iko picha huru inayoweza kuchukua nafasi yake, au inayoweza kupigwa? Kwa mtu aliye hai jibu lilikuwa limeshajulikana. Mtu aliye hai anaweza kupigwa picha nyingine na yeyote mwenye simu, kwa hiyo picha ya mwenyewe haina sababu, inafutwa. Kwa marehemu, basi, huna pa kumpata tena, unaruhusiwa.

"Nani alitunga hii?" niliuliza Jumamosi ya kwanza.

"Msomi ameanza," alisema Hamidu, pini zikiwa mdomoni. "Sikia. Nguo ya mtu unaiazima ukiwa uchi. Kama kitambaa chako iko kabatini, unashona."

"Na kama mwenye kitambaa hataki kivaliwe?"

"Basi kaa nyumbani." Wote walicheka, nami nikacheka, nikiwa na uhakika kwamba nimeshinda.

Nilimpata Dafroza kwa kutafuta mtu wa kuandika habari zake ambaye hakuna mwingine aliyemwandika. Alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu. Alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, akaiwakilisha shule yake kwa mbio huko, kisha akarudi Rwanda na kushinda mashindano ya kanda mara mbili, enzi ambazo wanawake wa mbio walikimbia na viatu vya kuazimana. Magazeti ya wakati ule yalimwandika vizuri, kisha yakamsahau. Mtu mmoja aliniambia anaishi Busanza, kwenye nyumba zile za ghorofa walikohamishiwa watu wa mtaa uliobomolewa, chini kabisa. Nilikwenda Jumapili baada ya misa nikiwa na daftari. Alinifungulia mlango akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, kitenge kimefunika magoti, na upande wa kulia kitenge kilishuka moja kwa moja bila kitu ndani yake. Sikujua niyapeleke wapi macho. "Ni sukari," alisema, kwa Kiswahili cha Karagwe kilichonyooka. "Waliukata chini ya goti. Sasa umeshaona, kaa unywe maziwa."

Sebule yake ilikuwa ndogo na safi kupita kiasi. Kabati la vyombo, kalenda ya parokia, redio, na kochi moja ambalo yeye hakulikalia kamwe kwa sababu lilikuwa chini mno kwake. Alinipa maziwa ya mgando na viazi vitamu vya kuchemsha, akaniambia maisha yake yote ya kukimbia bila kusitasita, umbali kwa umbali. Kisha akatoa kutoka kwenye Biblia kipande cha gazeti. Ndiyo picha hiyo. Yuko peku, anakata mkanda wa mwisho, na badala ya kutazama mbele kama wakimbiaji wengine amegeuza kichwa, anatazama nyuma. Shingo yake imejipinda kama ya ndege. Sijawahi kuona picha yenye miguu mingi kama ile, ingawa miguu ni miwili tu. Gazeti lenyewe lilikuwa limeshakufa, na mpiga picha alikuwa amehamia Ulaya, hakuna aliyejua mji gani.

"Hii ndiyo uweke," alisema. "Majirani zangu hapa wananijua kama mukecuru wa kiti, bibi wa kiti tu. Nikiwaambia nilikimbia, wanasema yego, yego, ndiyo mama, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Nataka wafungue simu zao waone."

"Nitaiweka, mama."

"Na mguu usiuandike. Popote. Andika nilivyokimbia. Huku kwingine ni kwangu." Akaongeza: "Kuna mtu sitaki ajue."

Nikaahidi yote mawili. Wakati mwingine najiuliza kama nilielewa kwamba ahadi zile mbili, zikiwekwa mbele ya fomu ya Hamidu, zisingeweza kukaa pamoja. Nadhani nilielewa nikiwa bado njiani kurudi.

Niliandika makala, nikapakia picha. Kwenye fomu niliandika kwamba mhusika amestaafu na picha mpya haiwezi kumwonyesha akikimbia. Chini yake nikaweka maelezo ya picha kwa fahari: Dafroza akitazama umbali aliowaacha wenzake. Kabla ya Jumamosi Hamidu alikuwa ameshabandika alama ya kufutwa ndani ya siku saba. Nikaenda dukani nikiwa nimejiandaa kama wakili.

"Huyu mama iko mzima?" aliuliza, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Amestaafu, kaka Hamidu."

"Sikuuliza kazi. Iko mzima? Iko hapa Kigali? Basi chukua simu, nenda, umpige. Ata akiwa amekaa. Watu wajue sura."

"Hataki kupigwa."

"Kwa nini hataki?"

Kulikuwa na watu wanne mle ndani. Nilimtazama Hamidu, nikatazama sare zilizoning'inia, na nikaona kwamba jibu moja tu la kweli lilikuwepo, nami nimekatazwa kulisema. Ningeweza kuiacha picha ifutwe. Hilo nalo lilikuwa mlango, na sikuuona, au niliuona nikaona aibu kurudi Busanza mikono mitupu. Nilisema nitafuatilia. Siku ya sita, wakati wa chakula cha mchana, nikiwa nimekaa juu ya chaga ya mbao ya kupakia mizigo huko Masoro na sahani ya ugali na dagaa mapajani, nikafungua fomu kwa simu na kufuta nilichokuwa nimeandika. Kwenye swali la mwisho nikaandika: Mhusika amefariki, hakuna picha mpya inayoweza kupigwa. Kisha ilinibidi makala ikubaliane na fomu, nikaweka mwaka wa kufariki, mwaka ule ule. Kazi yote haikuzidi muda wa kumaliza dagaa. Nilijiambia kwamba sheria yenyewe ilikuwa ya kipuuzi, imetungwa na watu wa nchi ambako kila mtu amepigwa picha mara elfu, na kwamba namlinda mama mmoja dhidi ya sheria hiyo. Mimi niliyemuuliza kila mtu nani amesema, sikujiuliza hilo.

Jumamosi Hamidu alisimamisha cherehani. "Umeandika amekufa. Nani amekwambia?"

"Nilikwenda Busanza mwenyewe," nilisema.

Kila neno katika sentensi ile lilikuwa la kweli. Hamidu aliinamisha kichwa akasema maneno yao ya msiba kwa Kiarabu, polepole, kwa mtu asiyemjua. Akamwambia mke wake aliyekuwa mlangoni na chupa ya chai kwamba yule mama mkimbiaji wa msomi amefariki. Mke wake akaja akanishika mkono akasema pole. Nikapokea ile pole. Nikala na sambusa mbili. Hamidu akaondoa alama ya kufutwa kwa mkono wake, na mbele ya jina langu akaandika: sababu inatosha.

Dafroza alifurahi. Nilimpelekea simu yangu nikamwonyesha picha tu, nikiwa nimeisogeza juu ili mstari wa mwaka usionekane. Majirani walikuja mmoja mmoja, nao nikawaonyesha vivyo hivyo, kidole gumba kikiwa kimekaa mahali pake. Mama mmoja wa ghorofa ya pili aliguna, akamtazama Dafroza, akatazama simu, akasema kwa Kinyarwanda kwamba kumbe. Neno moja tu. Dafroza alilirudia siku nzima, kumbe, kumbe, huku akitabasamu. Kwa miezi miwili nilikuwa na amani ya mtu aliyefanya jambo jema kwa njia asiyotaka kuitazama.

Kitu nilichokuwa sijakifikiria ni kwamba mstari ukishaandikwa kule hautulii. Mtu mwingine, nadhani wa Dodoma au Nairobi, alimchukua Dafroza akamwingiza kwenye orodha ya wanamichezo waliofariki mwaka huo. Mtangazaji wa redio moja huko Karagwe aliisoma orodha ile kwenye kipindi cha michezo. Jumatano moja simu yangu iliita nikiwa kazini.

"Mwanangu," alisema Dafroza, sauti yake imetulia kabisa, "Jumapili njoo ule. Kuna mgeni amekuja kunizika."

Mgeni aliitwa Veronika. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa umri wa Dafroza, na alikuwa amesafiri kwa basi kutoka Karagwe na mikungu miwili ya ndizi, kopo la senene waliokaangwa, na khanga nyeusi mpya ya kuvaa msibani. Walikuwa wamekimbia pamoja tangu shule. Ndiye yule mtu asiyetakiwa kujua. Alifika Busanza akiuliza nyumba ya marehemu, watu wakamwelekeza kwa mukecuru wa kiti, akagonga, na aliyefungua ni marehemu mwenyewe, na cha kwanza alichokiona Veronika hakikuwa uso. Siri niliyoificha kwa uongo ilitolewa nje na uongo uleule, ikawekwa mlangoni.

Tulikula ndizi na maharage, na senene kwenye sahani katikati. Hakuna aliyesema neno kuhusu kosa langu wakati wa kula, na hilo lilikuwa gumu kuliko kukaripiwa. Nikaomba kuosha vyombo. Jiko lilitenganishwa na sebule kwa pazia tu, nami nikafungua bomba kidogo ili nisisikie, kisha nikalifunga ili nisikie.

"Miaka minne hupokei simu," alisema Veronika. "Nikajua nimekukosea kitu. Nimekaa nahesabu nilichokukosea."

"Ningekuambia nini? Kwamba sasa unanishinda?"

"Nilikuwa nakushinda siku zote. Ni vile tu sikuwa na bahati ya kona."

Dafroza alicheka, kicheko kikaharibika katikati. Nilisimama na sahani mkononi maji yakinitiririka hadi kwenye viwiko. Baadaye sauti yake ilisema: "Wewe wa jikoni. Maji yameisha huko? Njoo unisomee nilivyokufa."

Nikarudi, nikafungua ukurasa, nikausoma wote, safari hii bila kuweka kidole popote. Walisikiliza kama wasikilizavyo wasifu wa marehemu, vichwa vimeinama. Nilipofika kwenye maneno ya chini ya picha, akitazama umbali aliowaacha wenzake, Dafroza aliinua mkono.

"Umbali gani? Nilikuwa namtafuta huyu. Alianguka kwenye kona ya mwisho, nikasikia watu wamepiga kelele."

"Aligeuka kweli," Veronika alisema. "Nilimwona nikiwa chini."

Kwa hiyo hata hilo nilikuwa sijauliza. Nilianza kusema samahani, Dafroza akanikatisha. "Ulitaka kunifichia. Sawa. Lakini mtu amepanda basi akilia, mwanangu. Amelia njia nzima, watu wa basi wamemchangia maji. Hiyo samahani mpe yeye." Nikampa. Veronika aliipokea kwa kutikisa kichwa, bila kutabasamu, na mpaka leo sina hakika kama aliikubali au aliiweka tu pembeni.

Kisha akasema anataka picha ya kwenda nayo nyumbani, kwa sababu atakaporudi hakuna atakayemwamini. Nilidhani Dafroza atakataa. Akakivuta kitenge juu, taratibu, mpaka goti likaonekana na pale mguu ulipoishia. Veronika alipiga magoti kando ya kiti akiwa na ile khanga yake nyeusi mabegani, wakatazamana badala ya kunitazama mimi, nami nikapiga. Ni picha nzuri kuliko nyingine yoyote niliyowahi kupiga. "Nitumie mimi," alisema Veronika. Dafroza akasema: "Na hiyo kamusi yako, ukiiweka huko, iweke nikiwa nimekufa kweli. Safari hiyo usiniwahi."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa Hamidu nikiwa nimeamua kusema kila kitu. Nilipanda ngazi za duka nikirudia maneno. Alipoinua uso kutoka kwenye cherehani nikasema, "Kaka Hamidu, yule mama yuko hai. Nilipotoshwa." Neno hilo lilitoka lenyewe. Aliyenipotosha ni nani, hakuuliza. Alisimama, akapiga makofi, akamwita mke wake aje asikie kwamba yule mama yuko hai, na mke wake akanishika mkono tena, uleule. Wakashukuru. Kisha Hamidu akakaa mbele ya kompyuta akaufuta ule mwaka wa kufariki, akaifuta na picha, kama sheria inavyotaka, huku akifurahi, na ukurasa wa Dafroza ukabaki na nafasi tupu pale juu. Sikukaa muda mrefu baada ya hapo. Nilisema kazi zimenizidi, na Jumamosi zangu zikawa za kufua.

Dafroza hakuniuliza kamwe picha imekwenda wapi. Nilikwenda kumwona mara chache kila mwaka, kisha mara chache zaidi. Majirani waliokuwa wameiona waliwaambia waliohamia baadaye, kwamba iliwahi kuonekana kwenye simu, na nadhani wale wapya walisema yego, yego.

Nilikwenda kwenye mazishi. Veronika hakuja, na sikuthubutu kuuliza kama aliambiwa na kama safari hii aliamini. Usiku ule wala siku iliyofuata sikuifungua kompyuta. Siku ya tatu, mchana, niliifungua fomu. Hamidu alikuwa ameshaniandalia, amejaza mwenye picha, amejaza sababu ya makala, ameacha swali la mwisho nimalizie mimi kama heshima. Je, iko picha huru inayoweza kuchukua nafasi yake? Maneno yangu ya zamani yalikuwa yamenakiliwa pembeni, tayari. Yote yalikuwa kweli. Mhusika amefariki. Hakuna picha mpya inayoweza kupigwa. Nami nilitaka ile ya kukimbia irudi, niliitaka kwa ajili yake na kwa ajili ya yule mama wa ghorofa ya pili, na pengine zaidi kwa ajili yangu. Simu yangu ilikuwa kando ya kompyuta, na ndani yake Dafroza amevuta kitenge.

Nikaandika: Iko. Nikapakia ile ya kwangu, nikaiachia haki zote, na chini yake nikaandika majina yao mawili, na kwamba wanatazamana.

Hamidu alipiga simu kabla sijainuka. Kwa nyuma nilisikia cherehani ya mtu mwingine; siku hizi ana vijana wa kumsaidia.

"Nimeiona," alisema. "Mguu wake. Ni tangu lini?"

"Tangu kabla sijamwandika."

"Kwa hiyo mwaka ule, ulipokwenda Busanza..."

"Alikuwa mzima, kaka Hamidu. Hakuna aliyenipotosha. Alinikataza kuutaja mguu, na fomu ilitaka sababu."

Nilingoja anigombeze. Ningelipokea karipio kwa furaha, ningelibeba mpaka nyumbani. Alikohoa, akasema jambo kwa mtu pale dukani kuhusu urefu wa mkono, kisha akarudi kwenye simu.

"Fomu ilitaka," alisema. "Lakini mimi nilikuwa nimekaa hapo mbele yako, Solange. Ungenivuta nje, ungeniambia mimi. Ningeandika huyu mama haonekani hadharani, basi. Hiyo pia ni sababu. Ningeiacha picha."